Aliyesoma Ujumbe Mpaka Mwisho

Ndugu na jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na nyote mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyezaliwa wa mwisho na sasa nimebaki peke yangu, na familia imenipa kazi ya kusoma karatasi hii kwa niaba yake, nami nitaisoma, ila naomba mnivumilie nikisimama mara kwa mara, kwa kuwa hii ni historia ya kumi na mbili kuisoma mbele ya watu katika ukoo wetu, na nimechoka.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu msiba wa baba mdogo mwaka 2011 historia hizi huwa nazitoa kwenye faili moja lililo ndani ya simu yangu, na maneno yake mnayajua kwa moyo, kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mchapakazi, kwamba aliugua kwa muda mfupi, na kwamba ameacha pengo lisilozibika. Jana jioni kamati iliniambia, “Mzee, badilisha tarehe tu, watu wana safari.” Nikabadilisha tarehe, nikafika kwenye neno mcheshi, nikaona nikiendelea nitakuwa namfanyia dada yangu jambo ambalo yeye hakumfanyia mtu yeyote maishani mwake, yaani kumpa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, basi nikafuta lote na kuanza upya kwa kalamu, ndiyo maana mnaniona nahangaika na mwandiko wangu mwenyewe.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1963, akiwa wa pili katika watoto watatu, baba yetu akiwa seremala wa milango na madirisha na mama akiwa mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana, mahali ambapo hata chai ilikuwa na unga wa mbao, na ambapo mtu akitaka kusikika ilibidi asubiri msumeno unyamaze. Mama alikuwa akisema kwamba kelele ile ndiyo iliyomfundisha kutazama watu midomo na mikono, mimi naona alizaliwa hivyo tu, kwa sababu mimi na kaka tulikulia kwenye kelele ile ile na hatukujifunza kitu.

Alianza shule ya msingi Januari 1970 akamaliza Novemba 1976, na alipokuwa darasa la tatu mwalimu mkuu alilazwa kwa homa ya matumbo, mwalimu wa darasa akaandika barua ya pole ubaoni, watoto wote arobaini wakainakili, ila dada aliongeza chini yake, kwa ule mwandiko wake uliolala upande, swali moja, kwamba kuku wako wanalishwa na nani. Alichapwa fimbo mbili kwa kuharibu barua, na mwalimu mkuu alipopata nafuu alimjibu yeye peke yake, akamweleza kwamba kuku wanalishwa na jirani na kwamba mmoja amepotea. Alisoma sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, kisha akachukua kozi ya upokeaji simu na kazi za ofisi, akahitimu Desemba 1982.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa na idara ya maji ya mji, akawekwa kwenye swichibodi, chumba kidogo kisicho na dirisha chini ya ngazi, nyaya ishirini na nne mbele yake na kiti kilichokuwa na mguu mmoja mfupi, na humo alikaa miaka kumi na tisa akiunganisha watu wenye hasira na watu wasiokuwepo ofisini. Humo ndimo alimopata mume, kwa sababu fundi wa mita mmoja alikuwa akipiga kila siku saa nne kutoa taarifa yake akiwa anakohoa, na baada ya miezi miwili ya kikohozi hicho dada alimuuliza kama amekwenda hospitali, yule bwana akasema hajaenda, dada akamwambia basi asipige tena mpaka aende. Alikwenda. Walifunga ndoa tarehe 19 Septemba 1987, na tarehe 30 Januari 1990 wakajaliwa mtoto wao mmoja, binti, huyu aliyekaa hapa mbele, aliyefika jana kwa ndege na ambaye hajalala.

Shemeji alituacha ghafla tarehe 6 Oktoba 2009 kwa shinikizo la damu, na nalitaja hili kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipoona dada alivyokuwa tofauti nasi katika mambo ya simu. Alipokea ujumbe wa pole sitini na kitu, mwingi ukiwa mmoja uliozunguka kutoka mkono hadi mkono, na mmoja wetu, simtaji, yumo humu ndani, alimtumia ujumbe uliosema pole kwa kumpoteza bibi yako mpendwa. Dada, akiwa mjane wa siku mbili, alimwandikia kumshukuru, akamuuliza bibi yake mwenyewe alifariki lini, maana alihisi ujumbe ule umetoka kwenye msiba halisi ambao hakuusikia, na akamwomba radhi kwa kutofika.

Mwaka 2014 swichibodi ilikuwa imeshakufa zamani, yeye akiwa dawati la wateja, ndipo idara ilipofungua ukurasa kwenye mtandao na kumhamishia huko pamoja na vijana wawili, wakapewa majibu sita yaliyoandikwa tayari, la kwanza likisema, Ndugu mteja, tumepokea malalamiko yako na yanafanyiwa kazi, na la sita likisema vile vile isipokuwa lilianza na Habari. Vijana walikuwa wanabonyeza tu, moja, tatu, sita, moja, na kwa siku walijibu watu mia mbili na arobaini, dada alijibu kumi na tisa. Mteja mmoja aliandika kwamba maji yenu yananuka kama nyinyi wenyewe, dada akamjibu, “Nimesoma. Harufu ni ya kutu au ya tope? Kila moja ina fundi wake,” na yule mtu akajibu kwa adabu kabisa kwamba ni kutu.

Na kulikuwa na mteja mwingine, mwanamume, aliyeandika kila Jumatatu kwamba mtaani kwake maji yanatoka saa moja tu kwa siku na kwamba saa hiyo inamtosha kujaza ndoo nne, akaandika hivyo miezi mitano, akipewa jibu namba moja miezi mitano, mpaka Jumatatu moja ya Agosti 2015 alipoandika kwamba anajaza ndoo mbili. Kijana akampa namba moja kama kawaida. Dada akaandika chini yake, “Baba, saa ni ile ile moja, mbona ndoo zimepungua?” Yule mzee hakujibu siku hiyo wala siku ya pili, siku ya tatu akaandika kwamba mkewe amefariki, na mtu mmoja hana haja ya ndoo nne, na kwamba tangu azike hajaulizwa na mtu hali yake. Waliandikiana miaka saba, habari za maji na zisizo za maji, bila kuonana hata siku moja. Simjui kwa sura, kwa hiyo sijui kama yumo humu leo, lakini kama yumo, karibu baba, na pole sana.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo wa 2015 idara ilimwandikia barua ya onyo, kosa lake likiwa kutumia muda mwingi kwa mteja mmoja mmoja, barua ambayo jana nimeikuta ndani ya bahasha moja na cheti chake cha ndoa. Mkuu wa kitengo aliyeisaini yupo hapa, na simsemi vibaya, kwa sababu juzi alikuja nyumbani akakaa nami barazani, akaniambia kwamba tangu dada aondoke ukurasa ule unajibiwa na mashine, na kwamba watu wameacha kutukana, yaani wameacha kuandika kabisa.

Sasa nifike kwenye kundi la ukoo, ambalo nililianzisha mimi mwaka 2013, na ambalo leo lina watu themanini na saba, mimi nikiwa msimamizi. Mnajua pia kwamba mimi ndiye mwenye akiba ya ujumbe wa kila shughuli, ya mtoto kuzaliwa, ya mtihani, ya harusi, ya msiba, pamoja na picha za maua, na kwamba nikituma mimi wengine wananakili na kubandika, maana mkubwa akishasema nani atajisumbua kutunga. Dada hakubandika hata mara moja. Akisikia mtu amepata mtoto aliuliza amefanana na nani, na kama mama anapata usingizi, akisikia mtu ameanguka mtihani hakumwambia ajipe moyo, alimuuliza ni swali gani lililomshinda, na alikuwa anaandika kwanza kwenye daftari, anasoma, anakata, ndipo anachapa kwa kidole kimoja. Ujumbe wake ulikuwa mrefu. Mimi nikampa jina la Gazeti, mkalipenda, na ikawa utani wetu kwamba ukiona Gazeti limetoka, weka maji ya chai kwanza. Yeye naye alicheka, akasema gazeti hata lisiposomwa linafungia vitu. Tukazoea kucheka, na polepole tukazoea kutosoma.

Mke wa mwanangu alipoingizwa kundini Julai 2021, mwezi mmoja baada ya harusi, tulimwekea stika arobaini za karibu, na dada alimwandikia pembeni, akamwambia kwamba ametazama picha za harusi na ameona katika zote anaegemea mguu wa kulia, basi anadhani kiatu cha kushoto kilimbana, anampa pole, na kidole kimepona? Binti yule aliniambia baadaye kwamba kidole kilikuwa kimeng’oka kucha, na kwamba mumewe mwenyewe alikuwa hajui.

Tarehe 31 Machi 2022, kabla ya wakati wake wa kustaafu, marehemu aliacha kazi. Jumamosi tarehe 2 Aprili, saa nane na dakika kumi na nne mchana, alituma ujumbe kwenye kundi la ukoo, na nitausoma, kwa sababu sidhani kama ulisomwa. “Wapendwa wote, habari za Jumamosi. Juzi nimekabidhi funguo za ofisi baada ya miaka thelathini na minane na miezi kumi na moja, namshukuru kila aliyenivumilia, hasa nyinyi mliokuwa mkinipigia simu ya ofisi kuniuliza maji yanarudi lini kana kwamba ninayo mimi mfukoni.” Hapo simu hukata maneno marefu, ikaandika Soma zaidi, na mtu anatakiwa kugusa kwa kidole ili aone yaliyobaki. Yaliyobaki ni haya. “Sikusubiri muda wangu kwa sababu nimeonekana na saratani ya kizazi, daktari anasema tumeiwahi, nitawekewa dripu ya dawa kila Jumanne kwa wiki kumi na mbili kuanzia tarehe 5. Dawa inaleta kizunguzungu, chumba kiko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, kwa hiyo naomba mtu mmoja wa kunishika mkono wakati wa kushuka, hata kwa zamu, Jumanne moja moja. Si lazima aongee.”

Nilijibu mimi wa kwanza, saa nane na dakika kumi na nne, dakika ile ile, na mtu hahitaji hesabu kujua kwamba ujumbe ule hausomeki kwa chini ya dakika. Niliandika, yaani nilibandika, Hongera sana kwa utumishi uliotukuka, sasa ni wakati wa kupumzika na kufurahia matunda ya kazi yako, na maua mekundu. Baada yangu watu arobaini na watatu walibandika hongera ile ile, na mmoja akaongeza, “Usitusahau kwenye pati.”

Alikwenda peke yake Jumanne sita. Muuguzi wa zamu ameniambia kwamba Jumanne ya tatu alishuka ngazi zile akiwa amekaa, moja baada ya nyingine, mkoba mapajani, na watu wakimpisha, na kwamba alipofika chini alikaa kwenye benchi la dirisha la dawa mpaka kichwa kilipotulia. Binti yake hakuwa kundini, alijitoa mwaka 2018 kwa kuchoshwa na salamu za mwaka mpya, naye aliambiwa na mama yake kwamba ni vipimo vidogo tu. Sisi tulikuwa kundini.

Tarehe 14 Mei mke wa mwanangu alikuwa anapekua ujumbe wa nyuma akitafuta namba ya fundi rangi, akaupita ujumbe wa dada, akaugusa, akausoma mpaka chini, akanipigia. “Baba, ule ujumbe wa shangazi mliusoma?” Nikamwambia ule wa kustaafu, ndiyo. Akasema, “Wa kuumwa, baba.” Kitu cha kwanza nilichofanya, na hili kamati haikujua kama nitalisema, sikumpigia dada simu, wala sikuusoma ule ujumbe, nilikwenda kuifuta hongera yangu kabla watu wengine hawajashtuka, simu ikakataa kwa kuwa muda ulikuwa umepita, na mpaka leo ipo pale pale chini ya maneno yake.

Siku ya pili yake nilikwenda kwake na matunda, tukazungumza habari za geti lake lililokuwa linakwaruza sakafu, akaniuliza goti la kushoto linaendeleaje, akijua ni la kushoto, nikala nikashukuru nikaondoka. Ule ujumbe hakuutaja, nami sikuutaja. Jumanne sita zilizobaki alisindikizwa na mke wa mwanangu, nami kila Jumanne nilikuwa nimepanga kwenda, kukawa na kikao, kukawa na mvua, kukawa na hilo goti, lakini tusidanganyane mbele ya jeneza, nilikuwa naona haya, na haya ikishamkalia mtu wiki mbili inakuwa kama kazi nyingine ya kudumu.

Alimaliza dawa tarehe 21 Juni 2022, akapata nafuu iliyompa miezi saba mizuri, binti yake akaja akakaa naye, wakarekebisha lile geti. Januari 2023 ugonjwa ulirudi, ukasambaa, na safari hii hakuandika kundini. Mke wa mwanangu alimuuliza kwa nini asiwaambie watu wote mara moja, akasema, “Nilishasema, mwanangu, nao walinijibu. Nikirudia nitawaaibisha.” Tarehe 2 Agosti, dada akiwa wodini na sauti imepungua, mke wa mwanangu alimweleza kwamba mimi naumia na sijui nianzie wapi, akasema, “Mwache. Ana mambo mengi huyo. Atanijibu tu.”

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 10 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi miwili na siku saba, binti yake akiwa ameshika mkono mmoja na mke wa mwanangu mwingine. Mimi nilikuwa kwenye korido nikimtafutia simu yake chaja. Ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja, na daftari kumi na nne zenye majibu ya watu, mengine hayajatumwa. Tangu siku ile kundini zimeingia pole sitini na moja, nimezitambua zote, ni ile niliyoitoa mimi mwaka 2016.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya tatu, hasa yule muuguzi aliyemwekea mto kwenye benchi bila kuombwa, nawashukuru majirani, na mama wa nyumba ya chini aliyepeleka uji kila asubuhi miezi miwili na hataki tumshukuru, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, pamoja na vijana wawili wa majibu sita ambao leo ni watu wazima na ndio waliobeba viti hivi. Namshukuru mke wa mwanangu, na sitaongeza neno, ameshasikia.

Na wewe dada, ujumbe wako wa tarehe 2 Aprili umefika. Nimeusoma jana, mara mbili, mpaka neno la mwisho. Nisamehe kwa kuchelewa. Jumanne nitakuwa pale mlangoni, ghorofa ya tatu, kabla hawajakutoa dripu, usishuke peke yako, nisubiri. Nitakushika mkono, wala sitaongea.

Sasa pumzika, dada yetu, kwa amani yote uliyotukosesha sisi, nawe ulikuwa na haki.